Viambato Asilia na Kurejea kwa Misuli Baada ya Kulazwa Kitandani

Utangulizi

Mgonjwa wa umri wa miaka 68, aliyelazwa wodini kwa majuma matatu kwa sababu ya homa ya mapafu, anaruhusiwa kurudi nyumbani. Kifua kimepona, homa imekwisha, lakini hawezi kuinuka kitini bila kushikwa mkono. Mapaja yamenywea, nguo zinampwaya, na ngazi tatu za barazani zimekuwa mlima. Ndugu wanakusanyika na kuuliza swali ambalo kila mhudumu wa afya amewahi kulisikia: ni dawa gani itakayomrudishia nguvu? Mmoja analeta supu ya kongoro, mwingine unga wa mlonge, wa tatu asali iliyochanganywa na manjano, na kijana aliyetoka mjini anakuja na kopo la unga wa protini lililogharimu fedha ambazo zingenunua mayai ya majuma mengi. Kisha wote kwa pamoja wanamwambia mgonjwa neno moja: pumzika.

Mfano huu si wa mtu mmoja; ni wa nyumba nyingi. Katika zawadi hizo za ndugu kuna zenye faida ya kweli, kuna zenye faida ndogo kuliko inavyodhaniwa, na kuna zinazoweza kuleta madhara. Makala haya yanaeleza jinsi msuli unavyopotea na unavyojijenga upya, viambato asilia vilivyothibitishwa kusaidia ujenzi huo, vile ambavyo bado ni matumaini tu, na sababu ya neno "pumzika", ingawa husemwa kwa upendo, kuwa ndilo linalomgharimu mgonjwa kuliko yote.

Msuli na namna unavyopotea

Mwili wa binadamu una misuli zaidi ya 600 iliyoshikamana na mifupa. Kwa mtu mzima mwenye afya, misuli hiyo hufikia takriban asilimia 40 ya uzito wa mwili. Kazi yake haiishii katika kutembea na kubeba. Msuli ndio unaopokea sehemu kubwa ya sukari inayotoka katika chakula, ndio unaotoa joto, na ndio ghala la protini ambalo mwili hulifungua wakati wa maradhi. Mtu anapougua na kushindwa kula, mwili huvunja protini ya misuli ili kupata asidi amino za kutengenezea chembe za kinga na kuponya vidonda. Kwa hiyo kukonda kwa mapaja wakati wa ugonjwa si ajali. Ni akiba iliyotumika.

Ghala hilo hupungua pia kwa umri. Inakadiriwa kuwa baada ya miaka 30 mtu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli kwa kila miaka kumi, na kasi huongezeka baada ya miaka 60. Mwaka 1989 mtaalamu wa lishe Irwin Rosenberg alipendekeza hali hii ipewe jina la sarkopenia, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya upungufu wa nyama ya mwili. Leo sarkopenia inatambuliwa kuwa ugonjwa, wala si sehemu ya kawaida ya uzee inayopaswa kuvumiliwa.

Jambo linaloharakisha upotevu huo kuliko umri ni kulala kitandani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007 nchini Marekani, wazee 12 wenye afya njema walikubali kulala kitandani kwa siku 10 mfululizo. Hawakuwa wagonjwa, na walikula kiasi cha protini kinachopendekezwa kwa mtu mzima. Hata hivyo, kila mmoja alipoteza kwa wastani karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Ikiwa mzee mzima wa afya hupoteza kiasi hicho kwa siku 10, ni rahisi kukisia hali ya mgonjwa aliyelala majuma matatu, mwenye homa na asiye na hamu ya kula.

Fundi aliye ndani ya msuli

Habari njema ni kwamba msuli ni miongoni mwa tishu zenye uwezo mkubwa wa kujirekebisha. Mwaka 1961 mwanasayansi Alexander Mauro, akitazama msuli wa chura kwa hadubini ya elektroni, aliona seli ndogo zilizojibanza pembezoni mwa nyuzi za msuli. Aliziita seli satelaiti. Utafiti wa miaka iliyofuata ulionyesha kuwa seli hizo ni mafundi wa akiba. Kwa kawaida zimelala. Msuli unapoumia au unapopewa kazi nzito, huamka, hugawanyika, na baadhi yake huungana na nyuzi zilizoharibika ili kuzitengeneza, huku nyingine zikirudi kulala zingoje siku nyingine.

Kazi hiyo hupitia hatua zinazofuatana. Kwanza, chembe nyeupe za damu huingia mahali palipoumia na kuleta mwako, yaani ile hali ya uvimbe, joto na maumivu. Chembe hizo husafisha mabaki ya nyuzi zilizokufa. Pili, chembe za kinga hubadili kazi yake: badala ya kubomoa, hutoa ishara za kujenga. Hapo ndipo seli satelaiti huongezeka na kuungana. Tatu, nyuzi mpya hunenepa, mishipa ya damu na ya fahamu huzifikia, na msuli hurudia umbo na nguvu yake kadiri unavyotumika.

Mpango huu una mahitaji mawili yasiyoweza kubadilishana nafasi. La kwanza ni malighafi, yaani asidi amino na virutubishi vingine vinavyotoka katika chakula. La pili ni amri ya kujenga, ambayo hutolewa na kazi: msuli unapovuta uzito, hupeleka ishara kwamba nguvu zaidi inahitajika. Malighafi bila amri ni sawa na matofali yaliyorundikwa kiwanjani bila fundi. Amri bila malighafi ni sawa na fundi aliyefika asubuhi akakuta kiwanja kitupu.

Viambato vyenye ushahidi

Protini na asidi amino. Hakuna kiambato asilia kilichothibitishwa kwa uzito kama protini ya chakula. Kati ya asidi amino zake, leusini ndiyo inayowasha ndani ya seli mtambo wa kuunganisha protini mpya. Lakini leusini ikiwasha mtambo huku asidi amino nyingine muhimu hazipo, ujenzi husimama. Mahindi, kwa mfano, yana leusini ya kutosha lakini yana upungufu wa lisini. Maharage yana lisini nyingi lakini yana upungufu wa metionini, ambayo mahindi yanayo. Ndiyo maana ugali kwa maharage, mlo ambao wengi huuona kuwa wa kawaida mno, ni mchanganyiko wenye hekima: kila kimoja hukamilisha kasoro ya mwenzake.

Kiwango cha chini kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mwaka 2013 jopo la wataalamu wa lishe ya wazee lilipendekeza kiwango cha juu zaidi kwa watu wenye umri unaozidi miaka 65: gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo kwa mwenye afya, na gramu 1.2 hadi 1.5 kwa aliye mgonjwa. Sababu ni kwamba msuli wa mzee ni mzito wa kusikia. Huhitaji protini nyingi zaidi katika mlo mmoja ili uanze kujenga. Kwa mzee wa kilo 60, mlo mmoja wenye takriban gramu 25 hufaa zaidi kuliko kiasi hicho kudonolewa kidogo kidogo mchana kutwa.

Hapa ndipo baadhi ya imani za nyumbani zinapohitaji kusahihishwa kwa upole. Majani makavu ya mlonge yana takriban robo ya uzito wake protini, na sifa hiyo ni ya kweli. Lakini kijiko kikubwa cha gramu 8 hutoa gramu 2 tu, yaani theluthi ya kile kinachotolewa na yai moja. Supu ya kongoro nayo ina maji, chumvi, mafuta na jelatini, na jelatini haina triptofani, mojawapo ya asidi amino zisizoweza kutengenezwa na mwili. Supu hufungua hamu ya kula na kurudisha maji mwilini, na hiyo ni faida. Kosa hutokea pale mgonjwa anaponyweshwa mchuzi huku nyama iliyopikiwa mchuzi huo ikiliwa na wazima.

Kreatini. Kiambato hiki kiligunduliwa ndani ya nyama na Mfaransa Michel Eugène Chevreul mwaka 1832. Mwili wenyewe hutengeneza takriban gramu moja kwa siku, na kiasi kingine hutoka katika nyama na samaki. Karibu asilimia 95 ya kreatini yote huhifadhiwa katika misuli, ambako husaidia kurudisha haraka nishati ya kufanya kazi ya nguvu ya muda mfupi, kama kuinuka kitini au kupanda ngazi. Uchambuzi wa majaribio 22 uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa wazee waliotumia kreatini pamoja na mazoezi ya uzito waliongeza takriban kilo 1.4 zaidi za tishu isiyo mafuta kuliko waliofanya mazoezi hayo pasipo kreatini. Maneno ya kuzingatia ni "pamoja na mazoezi". Kiasi kinachotumiwa mara nyingi katika tafiti ni gramu 3 hadi 5 kwa siku. Mhudumu akumbuke pia kwamba kreatini hugeuka kuwa kreatinini, kemikali ileile inayopimwa ili kujua hali ya figo. Mtumiaji wa unga huo anaweza kuwa na kipimo kilichopanda kidogo bila figo kuharibika. Na mwenye ugonjwa wa figo asiutumie bila idhini ya daktari.

Mafuta ya omega-3. Samaki wenye mafuta, wakiwemo dagaa na vibua, wana mafuta haya. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2011, wazee waliopewa omega-3 kwa majuma 8 walionyesha msuli unaoitikia vizuri zaidi asidi amino na insulini, ilhali waliopewa mafuta ya mahindi hawakuonyesha badiliko hilo. Jaribio jingine la miezi sita lililochapishwa mwaka 2015 lilionyesha ongezeko dogo la ukubwa wa misuli ya mapaja na la nguvu ya mkono. Vipimo vilivyotumika vilikuwa vikubwa kuliko vinavyopatikana katika mlo wa kawaida, lakini dagaa ana sifa ya ziada ambayo kidonge hakina: huleta omega-3, protini na kalsiamu katika bakuli moja.

Vitamini D. Upungufu mkubwa wa vitamini hii hudhoofisha misuli ya mapaja na nyonga, na mgonjwa hutembea kwa kuyumba. Mwili huitengeneza ngozi inapopigwa na jua, na kiasi kidogo hutoka katika samaki na mayai. Mzee aliyefungiwa chumbani kwa miezi anaweza kupungukiwa hata akiwa katika nchi ya jua kali. Kurekebisha upungufu kuna manufaa. Kumwongezea asiye na upungufu hakumpi nguvu mpya. Aidha, kuzidisha kuna madhara: nchini Australia, jaribio lililochapishwa mwaka 2010 liliwapa wanawake wazee kipimo kimoja kikubwa cha yuniti 500,000 kwa mwaka, na waliopewa vitamini hiyo walianguka na kuvunjika mifupa zaidi ya ambao hawakupewa.

Viambato ambavyo bado ni matumaini

Mimea mingine ina viambato vinavyosifiwa sana. Ni haki kuvieleza kwa kadiri ya ushahidi uliopo, bila kuvidharau wala kuvitukuza.

Manjano yana kurkumini, ambayo hupunguza mwako na, katika baadhi ya majaribio, hupunguza maumivu ya misuli baada ya mazoezi makali. Tatizo ni kwamba unga wa manjano una takriban asilimia 3 tu ya kurkumini, na utumbo huipokea kwa shida. Mwaka 1998 watafiti nchini India walionyesha kuwa piperini ya pilipili manga huongeza upokeaji huo takriban mara 20. Mpishi anayeweka manjano na pilipili manga katika mchuzi hafanyi kosa. Lakini kiasi cha mchuzi ni kidogo sana kikilinganishwa na kile cha majaribio, na hakuna uthibitisho kwamba kinajenga msuli ulionywea.

Komamanga lina tanini ambazo bakteria wa utumbo huzigeuza kuwa urolitini A. Kiambato hiki huisaidia seli kuondoa mitokondria, yaani mitambo yake ya nishati, iliyochakaa. Mwaka 2016 kilionekana kurefusha maisha ya minyoo wa maabara na kuboresha uwezo wa panya kukimbia. Mwaka 2022 matokeo ya jaribio kwa wazee waliotumia miligramu 1,000 kila siku kwa miezi minne yalichapishwa. Misuli yao ilichelewa kuchoka, lakini umbali walioweza kutembea kwa dakika 6 haukutofautiana kwa uhakika na ule wa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Zaidi ya hayo, si kila mtu ana bakteria wa kufanya ugeuzaji huo; anayekula komamanga hana hakika ya kupata urolitini.

Asidi ursoliki ya maganda ya tufaha iliongeza misuli ya panya katika utafiti wa mwaka 2011. Majaribio machache kwa binadamu yametoa majibu yanayopingana. Umbali kati ya panya na mgonjwa wodini ni mrefu, na matangazo ya biashara aghalabu huuruka kwa hatua moja.

Bila kazi hakuna ujenzi

Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, waliwachukua wazee dhaifu kumi wenye wastani wa umri wa miaka 90, wakaaji wa nyumba ya wazee, wakawafanyisha mazoezi ya uzito ya miguu kwa majuma 8. Waliomaliza mazoezi hayo waliongeza nguvu ya miguu kwa wastani wa asilimia 174. Matokeo hayo yalivunja imani kwamba msuli wa mzee haufundishiki.

Jaribio lililofuata, lililochapishwa mwaka 1994, ndilo lenye somo kubwa kwa makala haya. Wazee 100 wenye wastani wa umri wa miaka 87 waligawanywa katika makundi manne: waliofanya mazoezi, waliopewa kinywaji cha virutubishi, waliopata vyote viwili, na wasiopata chochote kati ya hivyo. Baada ya majuma 10, waliofanya mazoezi waliongeza nguvu ya misuli kwa asilimia 113, wakatembea kwa kasi zaidi na kupanda ngazi vizuri zaidi. Kinywaji cha virutubishi peke yake hakikupunguza udhaifu wa misuli.

Maana yake ni hii: kopo la unga wa protini mezani kwa mgonjwa aliyelala siku nzima ni matofali bila fundi. Na ndugu anayemkataza mgonjwa kuinuka, kwa nia njema ya kumhurumia, anamnyima amri pekee ambayo msuli huielewa.

Asilia si sawa na salama

Neno "asilia" huwatuliza watu kuliko inavyostahili. Baadhi ya vitu vya asili huharibu misuli ileile inayotafutiwa nguvu. Kolchisini, dawa ya jongo inayotokana na mmea, inaweza kudhoofisha misuli, hasa kwa mwenye ugonjwa wa figo. Wali mwekundu uliochachushwa, unaouzwa kama tiba asilia ya lehemu, una kiambato kilekile cha dawa ya lovastatini, na unaweza kuleta maumivu ya misuli kama dawa hiyo. Mzizi wa urukususu ukitumiwa kwa wingi hushusha potasiamu katika damu, hupandisha shinikizo la damu na kulegeza misuli.

Vitamini nazo zina mipaka. Katika utafiti uliochapishwa Ujerumani mwaka 2009, vijana waliofanya mazoezi huku wakimeza miligramu 1,000 za vitamini C na yuniti 400 za vitamini E kila siku hawakupata faida ya usikivu wa insulini waliyoipata wenzao wasiomeza. Inaelekea kwamba mkwaruzo mdogo wa kemikali unaoletwa na mazoezi ni sehemu ya amri ya kujenga, na antioksidanti nyingi mno huinyamazisha. Machungwa na mboga hazina tatizo hilo. Linalohojiwa ni kipimo kikubwa cha vidonge. Vivyo hivyo, vidonge vya manjano vilivyokolezwa vimehusishwa na madhara ya ini kwa baadhi ya watu, na vinaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu kwa anayetumia warfarini.

Hatari kubwa zaidi ni bidhaa za "kunenepesha" zisizo na maelezo, au zenye deksamethazoni. Mtumiaji hupata hamu ya kula, uso huwa wa mviringo, na jirani husifu kwamba amenawiri. Ukweli ni kwamba dawa hiyo, ikitumiwa muda mrefu, huyeyusha misuli ya mapaja na mabega huku ikiongeza mafuta na maji. Mtu huonekana mnene ilhali anashindwa kupanda ngazi. Na aliyeitumia kwa majuma asiiache ghafla, kwani mwili unaweza kuzirai kwa kukosa homoni zake; amwone daktari ili ipunguzwe kwa utaratibu.

Sahani na kiti: mpango wa nyumbani

Mgonjwa wa kilo 60 anayerejea nyumbani bila ugonjwa wa figo anaweza kufikia zaidi ya gramu 70 za protini kwa vyakula vya kawaida. Asubuhi: uji wenye gramu 50 za unga, glasi ya maziwa, yai moja na konzi ya karanga, jumla takriban gramu 25. Mchana: ugali, kikombe cha maharage yaliyopikwa na mboga za majani, takriban gramu 27. Jioni: wali na gramu 30 za dagaa wakavu, takriban gramu 22. Asiye na meno asagiwe karanga na kupondewa maharage. Asiye na hamu aanze na yai na maharage kabla ya ugali, ili tumbo lisijae kabla ya kilicho muhimu. Mwenye ugonjwa wa figo ambaye hajaanza kusafishwa damu asiongeze protini kabla ya kupata ushauri. Anayesafishwa damu, kinyume chake, huhitaji zaidi.

Upande wa kazi, kifaa cha kwanza ni kiti imara kilichoegemezwa ukutani. Mgonjwa ainuke na kuketi mara tano, asubuhi, mchana na jioni, akisaidiwa mwanzoni na mtu aliye karibu. Anapoweza bila kushika, aongeze hadi mara kumi. Kisha asimame akishika mgongo wa kiti, anyanyue visigino na kuvishusha taratibu. Kwa mikono, chupa ya maji ya nusu lita inatosha kuanzia. Matembezi ya uani yaongezwe kila siku kwa hatua chache. Haba na haba hujaza kibaba. Msuli nao hujazwa hivyo hivyo. Aliyevunjika mfupa, mwenye maumivu ya kifua, anayeishiwa pumzi akiwa ameketi, au mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa aonwe kwanza na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi baada ya mazoezi au baada ya dawa mpya, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda nyuzi za misuli zinavunjika na kuziba figo.

Kwa mhudumu wa afya

Udhaifu wa misuli unaweza kupimwa hata katika zahanati isiyo na mashine. Mgonjwa akunje mikono kifuani, ainuke na kuketi mara tano. Akizidi sekunde 15, misuli yake ina udhaifu unaohitaji hatua. Atembee mita 4 kwa mwendo wake wa kawaida. Akitumia sekunde 5 au zaidi, hali yake inahitaji kufuatiliwa kwa karibu. Namba hizo ziandikwe katika daftari lake na zirudiwe kila mwezi, ili maendeleo yaonekane kwa mgonjwa mwenyewe.

Kabla ya kutoa ushauri, mhudumu aulize mambo manne. Je, mgonjwa anakula nini hasa, na ni nani anayegawa nyama na mayai nyumbani? Anatumia mitishamba, unga au vidonge gani, pamoja na dawa gani za hospitali? Hutumia saa ngapi za mchana akiwa amelala? Je, kuna chanzo kingine cha kukonda, kama kifua kikuu, VVU, kisukari au saratani, ambacho chakula na mazoezi pekee havitakiondoa? Maswali yaulizwe bila kukemea. Mgonjwa anayeogopa kuchekwa huficha mitishamba yake, na kilichofichwa hakiwezi kuzuiliwa kisidhuru.

Hitimisho

Asili imempa binadamu viambato vingi vya kutunza misuli, na vilivyo bora kati yake havimo katika makopo ya bei ghali, bali vimo katika maharage, mayai, maziwa, dagaa na karanga. Vingine, kama urolitini na kurkumini, vinastahili utafiti zaidi na havistahili bado fedha za mgonjwa maskini. Lakini hakuna hata kimoja kinachoweza kuchukua nafasi ya kuinuka kitini. Ndugu waliokusanyika kumlaki mgonjwa wanaweza kumfaa sana wakifanya mambo mawili: wampe nyama pamoja na mchuzi, na badala ya kumwambia apumzike, wamnyooshee mkono na kumwambia ainuke, polepole, mara tano, kisha ale.